Uso wa Jumapili

Ukumbi mzima ulipiga ukelele mmoja, bisi zikamwagika, na mwanamume wa miraba minne aliyekaa mbele yetu akamng'ang'ania mkewe shingoni. Mama hakupiga kelele. Aliinama mbele, mkoba wake mapajani, akaitazama skrini jinsi mtu anavyomtazama anayempungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara na bado hajamtambua. Kisha akamtambua. Nilijua kwa sababu mkono wake ulikuja gizani, ukaushika wangu, ukaugeuza kiganja juu, na kidole gumba chake kikaanza kusugua ncha za vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, kikitafuta mabaki ya rangi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa nimempeleka mwenyewe. Ilikuwa jioni ya uzinduzi wa filamu, na jina langu lilikuwa lipite mwishoni, peke yake kwenye mstari, chini ya neno Vipodozi, nami nilitaka alione. Nilimnunulia gauni na viatu. Tangu nianze kazi za filamu, mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mimi napaka watu rangi, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kusema napaka kuta, na nilitaka siku hiyo abadilishe sauti. Kuhusu ule uso niliompaka mwigizaji, uliowatoa watu ukelele, sikuwa na wasiwasi. Mama hakuwahi kuuona hata mara moja. Nilikuwa nimehakikisha hivyo kwa mikono yangu.

Uso wenyewe ulikuwa wa dada yangu. Dada alikuwa mtu wa kujipenda, tena bila kuomba radhi. Alifanya kazi mapokezi katika ofisi ya mawakili, na alisema kazi ile ni uso tu, mengine yote hata kabati la mafaili lingeyaweza. Hakutoka kwenda kutupa taka kabla hajapita mbele ya kioo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika brashi tulipokuwa wasichana, akanifanya ubao wake wa kujifunzia, na siku moja akanitoa nje nikiwa na nyusi mbili tofauti, moja imeshangaa na nyingine imekasirika. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilipoanza kuishi kwa kupamba maharusi, dada alikuwa akipita kukagua kazi yangu, akimnyanyua bibi harusi kidevu na kumgeuza huku na huku, na akiridhika alisema "Sawa" na kuondoka.

Ugonjwa ulipomshika ulianza na vile alivyovipenda. Nywele zilitoka, nyusi zikafuata, mashavu yakabonyea, na ngozi ya kuzunguka midomo ikageuka rangi ya majivu. Jicho la kushoto likawa halifungi vizuri. Alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na mimi niliyeishi karibu ndiye niliyemwona kila siku. Mama aliishi mbali, alikuja kwa basi kila Jumapili.

Siku moja dada aliniambia nije na sanduku langu la kazi. Nilidhani anatania.

"Mama ana presha," alisema. "Akiniona hivi atanitangulia, na mimi sitaki nifike huko nikute ameshaanza kunipangia kazi."

Tulicheka wote wawili, mpaka muuguzi akatuchungulia. Kisha dada akanishika mkono, na safari hii hakuwa anacheka. Alitaka niahidi kwamba asiye muuguzi hatamwona katika hali ile isipokuwa mimi, si mama, si wajomba, si wenzake wa ofisini. Niliahidi. Wakati ule ilikuwa ahadi nyepesi, kwa maana hata mimi nilitaka kumwona dada yangu wa zamani, japo mara moja kwa wiki.

Kumpamba mgonjwa si sawa na kumpamba bibi harusi. Ukimjaza poda unamfanya maiti kabla ya siku yake. Nilianza na rangi ya chungwa iliyofifia chini ya macho, ile inayoua ukijivu. Juu yake nikaweka rangi ya ngozi yake ya zamani, niliyoichanganya kwa kukumbuka tu. Kisha wekundu kidogo sana mashavuni na masikioni, maana masikio ndiyo humsaliti mgonjwa na watu huyasahau. Nyusi nilizichora unywele kwa unywele. Mwisho nilimfunga kitambaa kichwani, fundo likielekea upande wa jicho bovu ili kivuli kilifunike. Yeye mwenyewe aliupa jina, uso wa Jumapili. Tukishasikia viatu vya mama koridoni, alilijaribu tabasamu kwangu kwanza. Mdomo uliwahi, macho yakachelewa, yakaja baadaye yakiwa yamechoka. Nikiitikia kwa kichwa, ndipo nilipomfungulia mama mlango wa wodi.

Mama alimkuta binti yake anang'aa. Alisema anaona mashavu yanarudi, kisha akaanza habari za nyumbani: bomba lililopasuka, fundi aliyekuja akalizidisha, jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa, anayewika watu wakila chakula cha mchana. Dada alicheka pale pa kucheka. Mama alirudi kwa basi la jioni na moyo mweupe, nami nikachukua pamba na mafuta nikaanza kuufuta ule uso. Mara nyingi dada alilala kabla sijamaliza, nusu ya uso ikiwa Jumapili na nusu ikiwa siku nyingine zote. Nilikaa nikimtazama. Uso ule wa chini niliujua kuliko ninavyoujua wangu.

Alifariki katikati ya wiki. Nilimpamba kabla mama hajafika, kwa mara ya mwisho, na mama alipomwona akasema amelala tu. Halafu likaanza swali. Aliwauliza wauguzi, akawauliza wajomba, na kwa miaka iliyofuata aliniuliza mimi, akiwa anakunja nguo au anachambua mchele, bila kuinua kichwa. Jumapili alikuwa anacheka, alikuwa anapata nafuu, ilikuwaje? Kila mara nilijibu kwamba ilikuja ghafla. Basi mama akaanza kujilaumu. Alikumbuka kwamba Jumapili ile ya mwisho aliondoka mapema ili awahi kiti kizuri kwenye basi, na akawa na hakika kwamba angekaa kidogo zaidi angeona dalili, angeita daktari, mambo yangekuwa mengine. Nilimsikiliza akijihukumu hivyo, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ahadi ni ahadi, na presha yake ni presha. Nilijiambia mengi.

Kutoka maharusi nilihamia filamu, maana maharusi hulia wakaharibu rangi, na waigizaji hulipwa wasilie mpaka waambiwe. Mwongozaji wangu wa kwanza tulimwita Mzee wa Tena, ingawa hakuwa mzee, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuwa kinywani mwake kutwa nzima. Hadithi yake ilikuwa nyepesi: binti aliyekufa anarudi nyumbani kwao mchana kweupe, anabisha hodi, na watu wa nyumba hawataki kumfungulia. Mimi nilipewa kazi ya kumtengeneza marehemu. Aliyeigiza alikuwa msichana mwembamba tuliyemwita Kijiti, mcheshi, mpenda kula, ambaye ungempa tambi na sahani mbili za wali bado angeuliza kama kuna mkate.

Uso wa kwanza niliompa ulikuwa mweupe pe, macho mekundu, damu kwenye kona ya mdomo. Mafundi wa taa walivunjika mbavu. Uso wa pili ulikuwa na mshono shavuni na meno ya plastiki, na mtu wa sauti akamuuliza Kijiti anatumbuiza kwenye sherehe ya watoto wa nani. "Tena," akasema mwongozaji. Wakati wa chakula ubishi ukazuka, kwa nini filamu za mizimu zinawatisha hata watu wasioamini mizimu. Fundi wa taa alishikilia kwamba ni giza. Mtu wa sauti akasema giza bila sauti ni umeme kukatika tu, kinachotisha ni ule ukimya kabla ya bawaba kulia. Mwongozaji akaleta maelezo marefu ya darasani ambayo hata yeye aliyapoteza katikati. Kijiti alikuwa anatafuna, na mimi nilikuwa nimeshamshika kidevu nikimfuta mabaki ya mshono.

"Mwizi hanijui," alisema. "Anataka televisheni yangu, basi. Mzimu ananijua kwa jina. Anaijua na siku ambayo nilitakiwa niende kumwona, nikasema nitakwenda kesho."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Kila mmoja akarudi kwenye sahani yake. Mimi nilimwambia Kijiti afumbe macho, nikafungua sanduku.

Sikuamua. Hivyo ndivyo nilivyozoea kujitetea, na si uongo wote. Mikono ilianza yenyewe, ikafuata njia iliyoijua, ila kinyumenyume. Wekundu niliokuwa nikimwongezea dada masikioni nilimwondolea Kijiti. Joto la chini ya macho nililizima kwa ukijivu. Nilizifunika nyusi zake, nikayabonyeza mashavu kwa kivuli, nikapaka majivu kuzunguka midomo, nikauvuta ukope wa kushoto kwa tone la gundi usifunge. Hapakuwa na damu wala mshono. Nilimwambia afumbue macho, nikarudi nyuma kuitazama kazi. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti changu, ananiangalia kwa upole.

Pamba nilikuwa nayo mkononi. Ningeweza kuufuta pale pale, nikasema nimekosea, nikamrudishia meno yake ya plastiki. Lakini mafundi wa taa walikuwa wamenyamaza, na mwongozaji alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, na lile neno lake halikutoka. Nikasikia fahari ikinipanda kifuani. Nilifurahi. Katika yote niliyoyatenda hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilisimama mbele ya uso wa dada yangu anayekufa nikafurahi kwa kazi nzuri. Kijiti aliuliza mlango ukifunguka afanye nini, alie au anyamaze. Nilimwambia atabasamu, mdomo uanze, macho yaje baadaye. Nikampa na hilo pia, bila kuombwa.

Siku ya uzinduzi, taa za ukumbi zilipowaka, watu walinizunguka. Mmoja aliapa kwamba hatapata usingizi wiki nzima, akanishukuru. Mwongozaji alinikumbatia mbele ya watu. Mama alibaki kitini mpaka jina langu likapita kwenye skrini, akalisoma, akasimama, akajinyoosha gauni. Tulipofika kwangu alivua vile viatu vipya, akavipanga kando ya mlango, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Kumbe alikuwa hivyo," alisema.

Nikajibu ndiyo. Akauliza tangu lini. Nikamweleza yote, sanduku, rangi ya chungwa, masikio, fundo la kitambaa, jinsi tulivyokuwa tukitega sikio kusubiri viatu vyake koridoni. Nilidhani nikieleza vizuri atauona upendo uliokuwemo. Nilieleza vizuri mno, kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi, na nilipoisikia sauti yangu nikanyamaza. Mama hakulia. Aliitazama miguu yake mitupu, kisha akaenda kulala. Asubuhi aliondoka na basi la kwanza, na kuanzia siku hiyo simu yake ikawa inaita mpaka inakatika.

Simu zilizoingia kwangu zilikuwa za watu wengine. Filamu ilikuwa imeshika kasi, watu walipanga foleni ili waogopeshwe, na kila mwongozaji alitaka kitu kama kile. Wengi niliwakatalia. Mmoja nilimkubalia, na siku ya kazi nilikaa mbele ya mwigizaji wake, brashi mkononi, nikashindwa kumgusa, mpaka wakamtafuta mtu mwingine. Nilikuwa nimemwahidi dada kwamba hataonekana, na sasa watu wasiomjua walikuwa wakinunua tiketi kumwona, wakimkimbia, wakimcheka wakishatoka nje. Mama naye nilimficha mtoto wake akiwa hai, nikamwonyesha akiwa kioja. Sikujua nimwombe msamaha nani kwanza.

Kisha mchana mmoja nilifungua mlango nikamkuta mama amesimama, amevaa lile gauni.

"Ile sinema bado inaonyeshwa?" aliuliza.

Nilisema inaonyeshwa, nikaanza kumsihi asijitese, kwamba nitamtafutia picha za dada za zamani, nzuri, nizichapishe kwa ukubwa. Alinisubiri nimalize. Aliponiona nimemaliza akasema nichukue mkoba wangu, tusichelewe.

Tulikaa kwenye benchi karibu na dirisha la tiketi tukingoja milango ifunguliwe. Kulikuwa na kundi la wanafunzi waliotoroka vipindi, wakitaniana nani atapiga kelele wa kwanza, mmoja akiwa ameshaanza kutetemeka na anasingizia kiyoyozi. Mama aliongea akiwatazama wao.

"Mwanzoni nilikukasirikia kwa ajili ya sinema," alisema. "Sasa sinema siijali. Nina hasira na zile Jumapili."

Nilimwambia dada ndiye aliyeniomba.

"Najua. Nimemzaa mimi, najua angeomba nini." Alifungua mkoba wake, akaangalia ndani, akaufunga bila kutoa kitu. "Nilikaa pale nikamsimulia habari za jogoo. Mwanangu anakufa, nami namsimulia jogoo. Mngenipa hata Jumapili moja nimwone."

Siku zote hizo nilikuwa nimelibeba kosa moja, la kuonyesha nilichoambiwa nikifiche, nami nilishauzoea uzito wake. Mama alikuwa amenipa jingine, la zamani zaidi, na mawili hayo hayakuwezekana kutubiwa pamoja, kwa sababu ningemtii mmoja ningemkosea mwenzake. Dada alikuwa na haki ya uso wake. Mama alikuwa na haki ya mtoto wake. Mimi ndiye niliyekuwa na brashi. Nilisema, "Nisamehe, mama," naye akasema milango imefunguliwa, tuingie.

Alichagua safu ya katikati. Wanafunzi wakakaa nyuma yetu na vicheko vyao. Siku ya uzinduzi sehemu ile ya marehemu kubisha hodi niliitazama kwa pembe ya jicho, nikihesabu sifa, kwa hiyo naweza kusema kwamba mchana ule ndio niliiona kwa mara ya kwanza. Jua kali nje ya nyumba. Hodi. Baba wa nyumba ile anachungulia dirishani, anarudi nyuma. Mkewe anaegemea mlango kwa mgongo wake wote. Nyuma yetu wanafunzi walianza kunong'ona, msifungue, msifungue, na sauti zao hazikuwa tena za utani. Nilielewa alichokisema Kijiti huku akitafuna. Aliyekuwa nje hakuwa mgeni wala hakuwa amekuja kudhuru mtu. Alikuwa wa humo ndani, amerudi kwao jinsi alivyo, na watu waliompenda walikuwa wanautumia uzito wa miili yao kumzuia.

Mlango ukafunguka. Dada alikuwa kizingitini, na ukumbi ukapiga ukelele.

Mama alisimama. Alisimama jinsi mwenye nyumba anavyosimama mgeni wa mbali akitokea mlangoni, haraka, mkoba ukamponyoka ukaanguka chini ya viti.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Karibu ndani."

Hakupaza sauti. Kelele zilikuwa zimeanza kupungua, kwa hiyo walimsikia, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa woga, mwingine akamwomba akae, anawaziba. Mama hakugeuka. Niliinuka na mimi, nikasimama kando yake, na hatukukaa mpaka dada alipoondoka kwenye skrini.